Kinga ya Mwili na Maradhi ya Wanyama wa Mwituni katika Nyanda za Juu za Kusini

Neno "kinga" ni la zamani katika Kiswahili, na maana yake ya kwanza si ya uganga. Mtu hukinga mvua kwa mwavuli, hukinga maji ya paa kwa pipa, na hukinga pigo kwa ngao. Waganga wa siku hizi walipohitaji neno la kueleza uwezo wa mwili wa kupambana na maradhi, neno hilo lilikuwa tayari, wala hapakuwa na haja ya kulibadili umbo. Walakini yafaa litumiwe kwa hadhari. Ngao iko nje ya mwili, nayo huzuia kila pigo bila kuchagua. Kinga ya mwili imo ndani. Hujifunza, hukumbuka, na aghalabu humlinda mnyama na ugonjwa ule tu ambao imekwisha kukutana nao. Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi kwa wanyama wa mwituni, kwa kuwa wao hawana mganga wala dawa, na kila apatwaye na maradhi hupona kwa kinga yake mwenyewe au hufa. Katika Tanzania ni sehemu chache zilizo na ushahidi wa jambo hili kama nchi ya Iringa na Mbeya, kuanzia magenge ya Udzungwa hadi ile nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika.

Ushahidi wa kwanza ni sotoka. Ugonjwa huu ulikuwa mgeni katika Afrika Mashariki. Wataalamu wengi hukubali kwamba uliingia kwa njia ya Massawa, katika Eritrea, mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Waitalia. Kutoka huko ulishuka kupitia Uhabeshi, na kufikia mwaka 1890 na 1891 ulikuwa umekwisha enea katika nchi ambazo leo ni Kenya, Uganda na Tanzania. Lugard, aliyesafiri kwenda Uganda wakati huo, aliandika habari za nyati waliokufa kwa wingi; na Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita katika nchi ya Wamasai mwaka 1892, alikuta watu waliodhoofu kwa njaa kwa sababu ng'ombe wao walikwisha. Sotoka haikusimama hapo. Ilipita kusini kati ya maziwa, ikakawia kwa miaka michache kaskazini ya mto Zambezi, ikauvuka mwaka 1896, na mwaka uliofuata ilikuwa imefika Rasi ya Tumaini Jema. Kwa muda wa miaka kumi hivi ugonjwa mmoja ulikuwa umelipita bara zima kwa urefu wake.

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya vita katika Uhehe. Mwezi wa Agosti 1891 majeshi ya Mkwawa yalilishinda jeshi la Zelewski pale Lugalo; mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilianguka; na Mkwawa mwenyewe alikufa mwaka 1898. Wanahistoria wameandika mengi juu ya mizinga na bunduki za Wajerumani, na machache juu ya ng'ombe, ingawa kwa watu wafugao ng'ombe si maziwa na nyama tu, bali ni mahari, ni fidia, na ndiyo akiba ya mwaka wa njaa. Helge Kjekshus, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1977, ndiye aliyesisitiza kwamba ukoloni katika Tanganyika uliingia katika nchi iliyokwisha kuvunjwa na maradhi ya mifugo. Si kila mtu aliyekubaliana na hoja zake zote, lakini hakuna aliyeweza kulipuuza jambo lenyewe tena.

Wanyama wa mwituni walipatwa kwa kadiri mbalimbali, na kadiri hizo zina maana. Nyati waliangamia karibu wote katika sehemu nyingi. Pofu, tandala, pongo, twiga, nyumbu na ngiri walikufa kwa wingi. Swala wadogo waliponea zaidi, na tembo na kifaru hawakuguswa, kwa kuwa sotoka ni ugonjwa wa wanyama wenye kwato zilizopasuka. Hivyo pori lililobaki lilikuwa la ajabu: majani marefu yasiyo na walaji, vichaka vikaota mahali palipokuwa malisho, na mbung'o, waliopungua pamoja na wanyama walionyonywa damu, baadaye wakarudi wakiwa wengi kuliko kwanza wanyama hao walipoanza kuongezeka katika vichaka hivyo. John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya ndorobo na mazingira ya Afrika, alieleza kwa urefu jinsi mapori mengi ambayo Wazungu waliyaona kuwa ni ya asili yalivyokuwa kwa kweli ni magofu ya ufugaji. Hilo ni jambo la kukumbukwa na kila asomaye maelezo ya wasafiri wa miaka ya 1900 juu ya "nyika tupu" za bara.

Sasa yafaa kueleza jinsi sotoka ilivyoua. Asili yake ilikuwa ni virusi, na virusi hiyo ilikuwa ndugu ya virusi ya surua ya watoto na ya ule ugonjwa wa mbwa uletao homa, makamasi na kifafa. Mnyama aliyeambukizwa alishikwa na homa kali, akatokwa na machozi na kamasi, akaota vidonda kinywani, kisha akaharisha hadi kuishiwa maji, na wengi walikufa kabla ya kutimia majuma mawili. Virusi hiyo ilishambulia kwanza zile chembe nyeupe za damu na matezi ambayo kazi yake ni ulinzi wa mwili. Ni kama mwizi ambaye kabla ya kuingia nyumbani humfunga bawabu kamba. Kwa hiyo mnyama mwenye sotoka aliweza pia kuuawa na vimelea vingine alivyokuwa navyo siku zote bila kudhurika.

Lakini yule aliyepona alipona kabisa. Mwili wake ulikuwa umekwisha tengeneza kingamwili, yaani protini zinazoishika virusi na kuizuia isiingie katika chembe, na tena ulikuwa umeweka chembe zenye kumbukumbu ya adui huyo kwa maisha yote. Mnyama aliyepona hakushikwa tena, wala hakubaki na virusi ndani yake ya kuwapa wengine. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuwa udhaifu mkubwa wa sotoka. Ili iendelee, ilihitaji kila siku kupata mnyama mpya asiye na kinga, ikimkosa, hufa.

Kuna jambo jingine la kinga ambalo wafugaji wamelijua kwa macho kwa muda mrefu kabla ya kuelezwa na maabara. Maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, yale mazito ya manjano yaitwayo dang'a, hayana faida ya chakula tu. Ndani yake mna kingamwili za mama, na ndama ayanyonyaye katika saa za kwanza za maisha yake huzipokea na kuzitumia kana kwamba ni zake. Hata hivyo hizo ni mali ya kuazimwa. Baada ya miezi kadhaa hupungua na kwisha, na ndama asiyekuwa amekutana na ugonjwa mwenyewe hubaki wazi. Kwa sababu hiyo, sotoka ilipokwisha kuwa ya kudumu katika nchi, haikuua tena wakubwa, ambao walikuwa wamepona zamani, wala wachanga sana, ambao walilindwa na dang'a. Iliua wale wa umri wa kati, wenye mwaka mmoja hivi. Katika Serengeti mabwana nyama waliona nyumbu wa umri huo wakifa kila mwaka, nao wakaupa ugonjwa huo jina lake kana kwamba ni ugonjwa mwingine, hali ulikuwa ni sotoka ileile.

Nchi ya Mbeya iliingia katika habari hii kwa sababu ya mahali ilipo. Kati ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika pana nchi kavu ya kilomita zipatazo 300, na njia zote za ng'ombe na wanyama za kutoka Afrika Mashariki kwenda kusini hubanwa hapo, kama maji katika shingo ya chupa. Tunduma, iliyokuwa katika Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016, iko katika shingo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 sotoka ilianza tena kushuka kusini katika Tanganyika, na serikali za Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland na Afrika ya Kusini zikashikwa na hofu, maana wazee wao walikuwa bado wanaikumbuka 1896. Basi kwa shauri la pamoja ukawekwa ukanda wa kinga katika sehemu hiyo. Ng'ombe walichanjwa kwa maelfu. Uzio ulijengwa ili kuwazuia wanyama wasivuke. Na katika ukanda wenyewe wanyama wa mwituni walipigwa risasi, ili pasiwe na kiumbe cha kuichukua sotoka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Sotoka haikupita. Ukanda huo uliendelea kutunzwa kwa miaka mingi baadaye.

Neno "chanjo" lenyewe linaeleza jinsi kazi ilivyofanywa. Kuchanja ni kutia chale; na kabla ya sindano, kinga ya ndui ilitiwa mwilini kwa chale. Kwa ng'ombe, njia za mwanzo zilikuwa za hatari. Robert Koch alipokuwa Kimberley mwishoni mwa mwaka 1896 alitumia nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Wengine wakafuata kwa kutia damu yenye ugonjwa pamoja na maji ya damu ya mnyama aliyepona. Katika miaka ya 1920 J. T. Edwards, katika India, aliipitisha virusi katika mbuzi mara nyingi hata ikadhoofika kwa ng'ombe, na chanjo ya namna hiyo, iliyotengenezwa Kabete, ndiyo iliyotumiwa sana Afrika Mashariki. Ilifaa, lakini ng'ombe wengine waliugua kwayo. Dawa iliyomaliza kazi ilipatikana Muguga, karibu na Nairobi, ambako Walter Plowright na R. D. Ferris, kati ya mwaka 1957 na 1962, waliikuza virusi ya sotoka katika chembe za figo za ndama ndani ya vyombo vya kioo, wakaihamisha kutoka chombo hadi chombo kiasi cha mara 90. Mwisho wake ilikuwa imesahau jinsi ya kuua, lakini haikusahau sura yake. Na mwili wa ng'ombe hujifunza kwa sura. Sindano moja ilitosha kwa maisha yote ya mnyama.

Hapa ndipo ile hoja iliyowaua wanyama wengi katika ukanda wa Mbeya ilipopatikana kuwa na kasoro. Ilikuwa imeaminiwa kwamba pori ndilo ghala ya sotoka, na kwamba ng'ombe huambukizwa kutoka huko. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe wa kandokando ya Serengeti walichanjwa. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechanjwa. Lakini damu ya nyumbu waliozaliwa baada ya mwaka 1963 haikuonekana tena kuwa na kingamwili za sotoka. Ugonjwa ulikuwa umekwisha porini kwa sababu tu umekwisha zizini. Nyumbu waliohesabiwa kuwa kiasi cha 260,000 mwaka 1961 walifika zaidi ya milioni moja na robo mwaka 1977. Kwa hiyo ghala ilikuwa ni ng'ombe, na wanyama walikuwa ni wageni waliobebeshwa mzigo wa mwenyeji. Haifai kuwalaumu mno mabwana mifugo wa wakati ule, maana ushahidi huo hawakuwa nao, na uzio wao ulitimiza shabaha yake. Lakini ni haki kusema kwamba wanyama wale walipigwa risasi kwa kosa lisilokuwa lao.

Sotoka ilionekana kwa mara ya mwisho duniani mwaka 2001, katika nyati wa mbuga ya Meru, Kenya. Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kuwa imekwisha ulimwenguni, ikiwa ni ugonjwa wa pili kufutwa kwa juhudi za binadamu baada ya ndui. Jina lake, hata hivyo, halijapata kupumzika. Mwaka 2008 ulithibitishwa kaskazini mwa Tanzania ugonjwa wa virusi ya ukoo huohuo, uwapatao mbuzi na kondoo, nao ukaitwa "sotoka ya mbuzi na kondoo". Mtunzi wa kamusi atakayeandika kwamba sotoka ni "ugonjwa wa ng'ombe uliokwisha" atakuwa amesema nusu ya kweli.

Katika Ruaha na Usangu mambo si wazi namna hiyo. Tangu mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wamechunguza kifua kikuu cha ng'ombe katika mifugo na wanyama wa sehemu hiyo. Ugonjwa huu ni kinyume cha sotoka kwa tabia: huenda polepole, hujificha katika mwili kwa miaka, na kingamwili hazina nguvu juu yake kwa kuwa bakteria wake hukaa ndani ya zile chembe zenyewe zilizokusudiwa kuwala. Mwili huwazungushia ukuta wa uvimbe mdogo, ukawafunga bila kuwaua. Twiga wa Ruaha nao, tangu kiasi cha mwaka 2000, wameonekana na vidonda vikavu vya ngozi, hasa katika miguu ya mbele. Zaidi ya robo tatu ya waliochunguzwa walikuwa navyo, na mashaka yameelekezwa kwa minyoo midogo ya ngozi. Twiga huendelea kuishi navyo.

Jambo kubwa la upande wa Iringa ni la mnyama mdogo kuliko wote. Mto Kihansi huanzia katika nyanda za Mufindi, kisha huanguka katika genge la Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero, mahali panapopakana Iringa na Morogoro. Chini ya maporomoko hayo maji yalirusha manyunyu mchana na usiku, na manyunyu yalikuwa yameumba vijibustani vya majani na kuvumwani, vyote pamoja visivyozidi hekta chache. Mwaka 1996, katika uchunguzi uliofanywa kwa sababu ya mradi wa umeme, watafiti pamoja na Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walimkuta hapo chura wa manjano asiyefikia urefu wa sentimeta tatu, ambaye hazai mayai bali huzaa watoto walio hai. Alipewa jina Nectophrynoides asperginis. Hajapata kuonekana mahali pengine popote duniani.

Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ya mto iligeuzwa kwenda katika mitambo ya umeme, na manyunyu yakakatika. Vyura wapatao 500 walichukuliwa mwaka huohuo wakapelekwa Marekani kuzalishwa katika bustani za wanyama, na genge likawekewa mabomba ya kunyunyiza maji. Mabomba yalisaidia: katikati ya mwaka 2003 vyura walikuwa wameongezeka tena hata kukadiriwa kuwa kiasi cha 20,000. Kisha wakatoweka. Mwanzoni mwa mwaka 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo amekwisha porini.

Katika maiti za vyura hao ilipatikana kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, ambayo wataalamu waliitambua kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ingawa ilikuwa imeanza kuua vyura wa mabara mengine tangu zamani kidogo. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2018 umeonyesha kwamba asili yake ni Asia ya Mashariki, na kwamba ilienezwa na biashara ya vyura. Mbegu za kuvu hii huogelea majini kwa mkia mmoja, hujichimbia katika ngozi ya chura, hukua humo, na kutoa mbegu nyingine. Haiingii ndani ya moyo wala ya mapafu. Mtu angeweza kudhani kwamba ugonjwa wa ngozi tu hauwezi kuua. Lakini ngozi ya chura si kifuniko kama ya ng'ombe. Kwayo hunywa maji, huvuta sehemu ya pumzi yake, na kupima chumvi za damu. Ngozi ikiharibika, chumvi hupungua katika damu, na moyo husimama. Mwaka 2009 jambo hilo lilionyeshwa wazi katika maabara.

Kwa nini kinga ya chura haikumwokoa? Ngozi yake ina matezi yanayotoa protini ndogondogo za kuua vijidudu, na hiyo ni kinga ya kuzaliwa nayo. Ile kinga ya pili, yenye kujifunza, chura anayo pia, lakini kuvu hutoa vitu vinavyozilemaza chembe nyeupe zinazopaswa kuifanya kazi hiyo. Tena kuvu hii hustawi katika ubaridi na unyevu, na genge la Kihansi lilikuwa na vyote viwili. Wapo waliosema kwamba ugonjwa usingeua kwa ukali ule kama vyura wasingekuwa wamekwisha taabika kwa kukatiwa manyunyu, na wapo waliotaja sumu ya wadudu iliyoweza kuletwa na matope ya bwawa. Yafaa kutofautisha. Kupungua kwa maji kulikuwa kazi ya watu na kulijulikana mapema. Kuvu iliingia bila kuonwa. Kwamba mabomba yaliwarudisha vyura kwa muda kabla ya kuanguka kwao kwa ghafula ni dalili kwamba pigo la mwisho lilikuwa la maradhi. Lakini pigo la mwisho si lazima liwe ndilo kubwa, na mnyama ambaye milki yake yote duniani ni hekta chache hana mahali pa kukimbilia wala ndugu wa mbali mwenye damu tofauti ambaye angeweza kupona.

Wale waliozalishwa Marekani waliongezeka. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa na kuwekwa katika nyumba maalum katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kiasi cha 2,000 walirudishwa katika genge lenyewe. Kabla ya hayo hapakuwa na chura yeyote duniani ambaye, baada ya kutangazwa kuwa amekwisha porini, alikuwa amerudishwa mahali pake.

Imebaki namna moja ya maradhi ambayo huijaribu maana ya kinga kuliko zote. Saratani kwa kawaida ni chembe za mwili wa mnyama mwenyewe zilizoasi, zikaongezeka bila mpaka, na kifo cha mnyama ndicho kifo chao. Lakini kuna saratani chache ambazo chembe zake huhama na kukua katika mnyama mwingine. Iliyo karibu nasi ni ile ya mbwa, ambayo huonekana kama uvimbe wenye damu katika viungo vya uzazi na huhamishwa wakati wa kupandana. Imo katika mbwa wa nchi nyingi za dunia, na Afrika Mashariki ni mojawapo. Novinsky, Mrusi, aliihamisha kutoka mbwa hadi mbwa mwaka 1876. Uchunguzi wa karne hii umeonyesha kwamba uvimbe wote huo, katika mbwa wa India kama wa Brazil, una urithi mmoja, nao si urithi wa mbwa anayeugua. Ni chembe za mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita; kadirio la mwaka 2019 ni kati ya miaka 4,000 na 8,500. Mbwa huyo alikufa zamani, lakini sehemu ya mwili wake ingali hai.

Mfano wa pili ni wa porini kabisa. Katika kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia, yuko mnyama mla nyama mwenye mfuko kama kangaruu, ambaye Waingereza walimwita shetani kwa ajili ya ukali wake. Mwaka 1996 alionekana kwa mara ya kwanza mmoja mwenye uvimbe mkubwa usoni. Wanyama hawa huumana sana nyuso, na kwa kuumana chembe za saratani hupandwa katika kidonda. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba kromosomu za uvimbe ni zilezile katika kila mgonjwa. Mwaka 2014 ikaonekana saratani nyingine ya namna hiyo katika mnyama huyohuyo. Na kwa muda huo zaidi ya nusu yao wote walikuwa wamekwisha.

Ajabu ni kwamba kiungo cha mwili mmoja kikipandwa katika mwili mwingine, kwa kawaida hukataliwa. Kila chembe huchukua juu yake protini zilizo kama chapa ya ng'ombe, na walinzi wa mwili huisoma chapa hiyo. Wakiona ni ya zizi lingine, huiua. Kwanza ilidhaniwa kwamba wanyama wa Tasmania wamekuwa wachache na wa damu moja mno, hata chapa zao hufanana. Lakini mwaka 2013 ilionekana kwamba sababu kubwa ni nyingine: chembe za saratani huizima chapa yenyewe. Hazikuipoteza, zimeificha, na katika maabara zinaweza kulazimishwa kuionyesha tena. Saratani ya mbwa hufanya vivyo hivyo mwanzoni, lakini baada ya miezi mara nyingi chapa hurudi, mwili humtambua mgeni, na uvimbe hunywea. Ni kama kwamba muda wa maelfu ya miaka umewafanya mbwa na ugonjwa wao wapatane.

Pana haja ya kuangalia lugha hapa. Kwa kawaida "ugonjwa wa kuambukiza" hudhaniwa kuwa una kijidudu chake: sotoka ina virusi, kifua kikuu kina bakteria, chura wa Kihansi ana kuvu. Katika saratani hizi hakuna kijidudu. Kinachopita kutoka mnyama mmoja hadi mwingine ni kipande cha mgonjwa wa kwanza, na kwa hiyo kitenzi kinachofaa zaidi kingekuwa "pandikiza", kama mkulima anavyopandikiza mche wa kahawa kutoka kitaluni. Lakini "pandikiza" imekwisha chukuliwa na wapasuaji kwa figo na moyo, navyo hupandikizwa kwa hiari na kwa dawa za kuzima kinga, ambapo saratani ya mbwa huhamia bila hiari na huzima kinga yenyewe. Hata jina la ugonjwa lina mambo. "Saratani" ni kaa wa baharini kwa Kiarabu, na neno la Kilatini ambalo Kiswahili kimelipokea kwa njia ya Kiingereza kama "kansa" lina maana hiyohiyo, kwa sababu Wayunani wa kale waliona mishipa ya uvimbe imetanuka kama miguu ya kaa. Katika Mbeya na Iringa yote mawili husikika, "kansa" katika hospitali na "saratani" katika redio na magazeti, na kwa saratani hizi mbili za mbwa na za Tasmania, hadi litakapopatikana neno bora, "saratani ya kuambukiza" ndilo litakalotumika, madhali msomaji aelezwe kwamba kinachoambukizwa ni chembe yenyewe.